Al-Biruni: Mwanachuoni aliyeipima dhahabu kwa maji

Ijumaa ya leo tumeona ni vyema tuyapitie maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake halikosekani kila wanapotajwa wanachuoni wakubwa wa Kiislamu wa karne zilizopita, ingawa kazi aliyoifanya ni wachache wanaoielewa. Naye si mwingine bali ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Wengi wetu tumesikia kuwa alikuwa bingwa wa falaki, mwanahistoria na msafiri wa Bara Hindi. Yote hayo ni kweli. Lakini leo tungependa kumtazama kwa upande mmoja ambao hausemwi sana: upande wa mtu aliyeishi na mizani mkononi, aliyepima kuanzia tone la maji hadi mzingo wa dunia, na ambaye kwake kipimo kilikuwa ni amana.

Jambo hili si geni kwetu. Kila mwaka Ramadhani inapokaribia kumalizika, waumini huuliza suali lile lile: pishi moja ya zakatul-fitri ni kilo ngapi? Huyu husema mbili na nusu, yule husema karibu tatu, na wasiojua hudhani kuwa mmoja wao lazima amekosea. Sababu za hitilafu hiyo ni zaidi ya moja, na mojawapo inatuhusu katika makala haya. Pishi na vibaba vyake vinne ni vipimo vya ujazo, ilhali kilo ni kipimo cha uzito. Baina ya ujazo na uzito kuna daraja, na daraja hilo ndilo wataalamu wanaloliita densiti, yaani uzito wa kitu kwa kila kiasi cha nafasi kinachokijaza. Kibaba cha mchele na kibaba cha unga hulingana kwa macho, lakini ukiviweka katika mizani utaona kuwa havilingani. Asiyelijua daraja hili atatoka katika kipimo kimoja na kuingia katika kingine huku amepotea, na huenda akamdhulumu masikini au akajidhulumu mwenyewe pasipo kukusudia.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 973 Miladia, sawa na mwaka 362 Hijria, katika mji wa Kath, makao ya watawala wa Khwarazm, karibu na mto Jayhun ambao leo huitwa Amu Darya. Mji huo hivi sasa umo katika nchi ya Uzbekistan na unaitwa Beruniy kwa kumkumbuka yeye. Hata jina lake lina historia, kwani neno birun kwa Kiajemi lina maana ya nje, na inaaminika kuwa aliitwa hivyo kwa sababu alitoka katika viunga vilivyokuwa nje ya mji.

Bahati kubwa aliyoipata utotoni ni ya kuwa na mwalimu. Abu Nasr Mansur bin Iraq, mwanamfalme wa ukoo uliotawala Kath na hodari wa hisabati, alimchukua kijana huyu na kumfundisha jiometria ya Wayunani na elimu ya nyota. Matunda yakaonekana mapema. Mwaka 990, alipokuwa na umri wa miaka 17, al-Biruni aliuangalia mwinuko wa jua la adhuhuri na kutokana nao akaikokotoa latitudo ya mji wake.

Hakukaa raha kwa muda mrefu. Mwaka 995 watawala wa Gurganj, mji ambao Waarabu wakiuita Jurjaniya, waliuvamia mji wa Kath na kuuangusha ukoo wa mwalimu wake. Al-Biruni, kijana wa miaka 22, alikimbia. Tunamkuta baadaye katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako karibu na Tehran ya leo, akiwa fukara asiye na mlezi. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake kwamba huko alikutana na mtu wa elimu ya nyota aliyekataa hoja yake na kumdharau kwa sababu ya umasikini wake tu. Hali yake ilipokuja kutengenea, mtu yule yule akageuka kuwa rafiki. Kisa hiki kinatuonesha tangu mapema tabia ya Abu Rayhan, nayo ni kwamba hoja hupimwa kwa uzito wake wenyewe, na wala si kwa mavazi ya mwenye kuisema.

Mwaka 997 alikuwa amerejea Kath. Usiku wa tarehe 24 Mei mwaka huo mwezi ulipatwa. Kwa mapatano yaliyofanywa kabla, al-Biruni aliangalia kupatwa huko akiwa Kath, na mwanachuoni mkubwa Abu al-Wafa akauangalia akiwa Baghdad. Kwa kulinganisha wakati wa kila mji, walipata tofauti ya longitudo baina ya miji hiyo miwili. Watu wawili waliotenganishwa na jangwa na milima waliutumia mwezi mmoja kuwa saa yao.

Baada ya hapo alipata hifadhi Gurgan, karibu na bahari ya Kaspi, kwa mtawala Qabus bin Wushmgir. Huko, kiasi cha mwaka 1000, aliandika kitabu cha Al-Athar al-Baqiya kinachohusu kalenda, sikukuu na tarikh za mataifa mbalimbali. Katika miaka hiyo pia alibadilishana barua za mijadala mikali na kijana mwingine aliyekuwa nyota ya zama zake, Ibn Sina.

Chombo chenye shingo nyembamba

Takriban mwaka 1004 al-Biruni alirudi Khwarazm, mara hii katika mji wa Jurjaniya, akamtumikia mtawala Abu al-Abbas Ma'mun. Vipimo tunavyotaka kuvieleza vinanasibishwa na mji huu. Habari zake zimetufikia kwa ukamilifu zaidi kupitia kwa mwanachuoni wa baadaye, Abd al-Rahman al-Khazini, aliyeishi Merv na kuandika kitabu cha Mizan al-Hikma mwaka 515 Hijria, yaani kiasi cha mwaka 1121.

Tatizo lililokuwa mbele ya al-Biruni lilikuwa hili. Uzito wa kipande cha dhahabu huonekana katika mizani, lakini je, ujazo wake utaujuaje? Kama kingekuwa mchemraba ulionyooka, ungepima pande zake tatu na kuzizidisha. Lakini mkufu, pete au kito ambacho hakijachongwa hakina pande za kupimwa. Wayunani walishajua tangu zama za Archimedes kwamba kitu kinachozama majini husukuma maji yanayolingana na ujazo wake. Kilichokuwa kigumu ni kuyapata maji hayo yote bila kupotea hata tone.

Al-Biruni akatengeneza chombo cha mfano wa koni, kipana chini na chembamba juu. Shingo yake ilikuwa na upana wa kidole kidogo cha mkono, na ubavuni mwa shingo hiyo kulikuwa na mrija ulioinama kuelekea kwenye sahani ya mizani. Chombo hujazwa maji hadi yaufikie mdomo wa mrija. Kisha kitu kinachopimwa hutumbukizwa, na maji yanayotoka hupokelewa na sahani na kupimwa uzito. Siri imo katika wembamba wa ile shingo. Katika beseni pana, tone moja likiongezeka hakuna jicho linaloweza kuligundua, lakini katika shingo nyembamba, tone hilo hilo hupandisha maji na kuonekana.

Sasa tutazame namna alivyoandika matokeo. Uzito wa zama hizo ulikuwa mithqali. Mithqali moja iligawanywa kwa daniki sita, na kila daniki kwa tassuji nne, hivyo mithqali moja ni tassuji 24. Tukiihesabu mithqali kuwa gramu 4.25, kama wanavyofanya wengi wanaposema kuwa nisabu ya dhahabu ya mithqali 20 ni gramu 85, basi tassuji moja haifiki hata moja ya tano ya gramu. Al-Biruni alichukua mithqali 100 za dhahabu na kupata kuwa maji yaliyotoka yalikuwa na uzito wa mithqali 5, daniki 1 na tassuji 2, yaani mithqali 5 na robo. Ukigawanya 100 kwa 5.25 unapata 19.05. Vipimo vya maabara za leo vinasema 19.3.

Akaendelea na metali nyingine. Tukizikokotoa namba zake kwa njia hiyo hiyo, zebaki inatoka 13.56, na leo inakubalika kuwa baina ya 13.5 na 13.6. Risasi inatoka 11.32, na leo ni 11.34. Fedha ni 10.30 dhidi ya 10.49 ya leo. Shaba ni 8.66 dhidi ya 8.96, chuma ni 7.74 dhidi ya 7.87, na bati ni 7.32 dhidi ya 7.3. Katika orodha hii hata shaba, iliyo mbali kuliko zote, imepungua kwa asilimia kama tatu tu. Tukumbuke kwamba hapakuwa na umeme, wala kioo cha kukuzia, wala kiwanda cha kusafishia metali. Kulikuwa na chombo, maji, mizani na subira.

Kisha akaingia katika vito, na hapa ndipo tunapoona kuwa elimu hii haikuwa mchezo wa wasomi. Katika masoko ya wakati huo yakuti nyekundu ilikuwa na thamani kubwa, na kulikuwa na kito kingine chekundu kutoka milima ya Badakhshan kinachofanana nayo mno kwa macho. Mizani ya maji haikudanganyika. Yakuti nyekundu ilitoka 3.85, na kito cha Badakhshan kikatoka 3.58. Kwa karne nyingi baadaye, wafalme wa Ulaya walivivaa vito vya aina hiyo ya pili wakiviita yakuti, na kimojawapo kilicho mashuhuri kimo hadi leo katika taji la Uingereza. Zumaridi aliipata 2.75, lulu 2.60, na bilauri 2.50. Hiyo ya mwisho imepungua kidogo, kwani leo tunaijua kuwa 2.65.

Ama kuhusu dhahabu, faida yake iko wazi zaidi. Tuseme sonara ameleta pambo la mithqali 100 na kudai kuwa ni dhahabu tupu, kumbe amechanganya sehemu kumi za fedha. Uzito hautamfichua, kwa kuwa mithqali 100 zitabaki 100. Lakini kwa hesabu zile zile za al-Biruni, maji yatakayotoka hayatakuwa tena mithqali 5.25 bali yatakaribia 5.7. Hizo ni zaidi ya tassuji kumi za ziada, na zinatosha kabisa kuonekana katika mizani yake. Maji, ambayo hayana rangi wala ladha, yanakuwa shahidi mwadilifu.

Hakuishia hapo. Imepokewa pia kwamba vipimo hivyo vilifanywa mahali pamoja tu, Jurjaniya, kwa maji ya mto ule ule wa Jayhun, katika mwanzo wa majira ya kupukutika majani. Kwa nini ayataje maji na majira? Kwa sababu maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi kwa ujazo ule ule, na maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu. Mwenye kutoa kipimo bila ya kusema alikipima kwa nini na katika hali gani, ametoa nusu ya habari.

Namba isiyohitaji jina

Wapenzi wasomaji, hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwani tumeufikia moyo wa makala haya. Mithqali ya Khwarazm haitumiki tena. Daniki na tassuji zimebaki vitabuni. Lakini namba 19 ya dhahabu ingali hai. Ni kwa sababu gani? Ni kwa sababu al-Biruni hakupima dhahabu kwa kipande cha chuma cha mfalme fulani, bali aliilinganisha dhahabu na maji. Mithqali za juu zilifutana na mithqali za chini, na ikabaki nisba tupu. Umpe namba hiyo Mchina, Mhindi au mtu wa Kilwa, kila mmoja ataitumia kwa vipimo vya kwao na hatakosea.

Sisi wa zama hizi tunaweza kuichukua nisba hiyo na kuipeleka kokote, kuanzia kidogo kisichoonekana hadi kikubwa kisichobebeka. Sentimita moja ya ujazo ya maji ni gramu moja, kwa hiyo ya dhahabu ni gramu 19. Lita moja ya maji ni kilo moja, ya dhahabu ni kilo 19. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, ya dhahabu ni tani 19. Teremka sasa hadi kwenye mikroni, ambayo ni sehemu ya elfu ya milimita: mchemraba wa maji wenye upande wa mikroni moja una uzito wa sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara trilioni, na wa dhahabu una sehemu 19 za namna hiyo. Panda hadi kilomita moja ya ujazo: ya maji ni tani bilioni moja, na ya dhahabu, kama ingepatikana, ingekuwa tani bilioni 19. Namba ni moja. Majina ya vipimo ndiyo yanayobadilika.

Lakini mwenye haraka huteleza hapa, na huteleza vibaya. Watu wanajua kwamba mita moja ni sentimita 100, basi hudhani kuwa mita ya ujazo nayo ni sentimita za ujazo 100. Sivyo. Mita ya ujazo ina urefu, upana na kimo, na kila kimoja kina sentimita 100. Kwa hiyo ni 100 mara 100 mara 100, nazo ni sentimita za ujazo milioni moja. Zina uzito wa gramu milioni moja za maji, yaani kilo 1,000. Ndiyo maana gramu moja kwa sentimita ya ujazo ni sawa na kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Aliyesahau kuzidisha mara tatu amekosea mara elfu kumi, na kosa hilo likiingia katika dawa, katika mafuta ya meli au katika zege la jengo, huangamiza watu.

Ghazna na Bara Hindi

Turudi katika maisha yake. Mwaka 1017 mtawala wa Khwarazm aliuawa katika uasi, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaivamia nchi kwa hoja ya kulipiza kisasi. Wanachuoni walichukuliwa pamoja na nyara, al-Biruni na mwalimu wake Abu Nasr wakiwemo. Alikuwa na umri wa miaka 44. Tarehe 14 Oktoba 1018 tunamkuta katika kijiji karibu na Kabul, hana ala yoyote ya falaki na hali yake ni dhaifu. Alichokifanya ni kuchora tao lenye digrii nyuma ya ubao wake wa kufanyia hesabu, akaning'iniza uzi wenye timazi, na akalipima jua. Mateka huyu aliondolewa nchi yake na vyombo vyake, lakini kazi yake hakuiacha.

Akifuatana na dola ya Mahmud aliingia katika Bara Hindi. Wakati wengine walikwenda kwa ajili ya ngawira, yeye alijifunza Kisanskriti, akakaa na wasomi wa Kihindu, na mnamo mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake kikubwa juu ya India. Ndani yake aliwaeleza Wahindu kwa mujibu wa wanavyojieleza wao wenyewe katika vitabu vyao, bila ya kuwazulia. Hata wasomaji wa pwani yetu wana sehemu humo, kwani ameeleza kuwa sababu mojawapo ya umashuhuri wa Somnath ni kwamba ilikuwa bandari ya mabaharia waliosafiri baina ya Sofala, katika nchi ya Zanj, na China. Sofala, ambayo leo imo Msumbiji, ilijulikana kwa dhahabu, metali ile ile aliyokuwa ameipima kwa maji ya Jayhun.

Katika safari hizo alifika ngome ya Nandana, iliyoko Punjab katika Pakistan ya leo. Palikuwa na mlima unaotazama uwanda mpana ulionyooka. Aliupima kimo cha mlima huo na kupata dhiraa 652 na kitu kidogo. Kisha akapanda kileleni na kupima ni kwa kiasi gani upeo wa macho umeteremka chini ya mstari ulionyooka, akapata dakika 34 za digrii. Kutokana na pembe hiyo ndogo na kimo hicho kimoja, alikokotoa nusu kipenyo cha dunia nzima, akapata dhiraa 12,803,337. Kabla yake, watu wa Khalifa al-Ma'mun walilazimika kutembea jangwani maili nyingi ili waipime dunia. Yeye alisimama mahali pamoja.

Je, alikosea kwa kiasi gani? Mara nyingi husomwa kuwa alikaribia mno kipimo cha leo cha kilomita 6,371. Lakini tukitaka kuwa waadilifu, kama alivyokuwa yeye, tuseme kwamba jibu linategemea urefu wa dhiraa yake, na wanahistoria hawajaafikiana kuhusu urefu huo. Hapa pana zingatio kubwa. Nisba ya dhahabu na maji haikuhitaji jina la kipimo, nayo imetufikia salama baada ya miaka elfu moja. Kipimo cha dunia kilibebwa na dhiraa, na dhiraa ilipopotea, uhakika nao ukapungua.

Uzito wa dunia aliyoipima hakuujua, wala zama zake hazikuwa na njia ya kuujua. Ilipofika mwaka 1798, Mwingereza Henry Cavendish, kwa majaribio ya ndani ya chumba yaliyotumia mipira ya risasi, alionesha kuwa densiti ya dunia ni kiasi cha mara tano na nusu ya maji. Naye pia alitumia maji kuwa kipimo cha kulinganishia, na akaieleza sayari nzima kwa namba moja tu.

Miaka ya mwisho

Mahmud alifariki mwaka 1030, na mwanawe Mas'ud akamheshimu al-Biruni. Kwa jina la mtawala huyo aliandika kitabu chake kikuu cha falaki, Al-Qanun al-Mas'udi. Imesimuliwa kwamba sultani alimpelekea zawadi ya fedha mzigo wa tembo, naye akairejesha, akieleza kuwa hana haja nayo. Mwaka 1036 alipoorodhesha vitabu vyake alitaja zaidi ya mia moja. Baadaye tena akaandika kitabu cha vito na metali, na katika uzee wake kitabu cha dawa.

Alifariki Ghazna. Wengi hutaja mwaka 1048, ingawa yako maandishi yake yanayoonesha kuwa aliishi hadi karibu na 1050. Na katika habari za kufariki kwake limo tukio linalosimuliwa na Yaqut. Faqihi mmoja aitwaye al-Walwaliji alimzuru akiwa katika pumzi zake za mwisho. Al-Biruni akamuuliza kuhusu mas-ala ya mirathi ya mabibi wa upande wa mama, waliyowahi kuyazungumza siku za nyuma. Faqihi alimhurumia na kustaajabu kwamba mtu aulize mambo hayo katika hali ile. Mgonjwa akamfahamisha kuwa ni bora kuiaga dunia akiwa analijua suali hilo kuliko kuiaga akiwa hajui. Faqihi akamfafanulia, mgonjwa akayarejea maneno hayo hadi akayahifadhi, kisha mgeni akatoka. Kabla hajafika mbali njiani alisikia vilio kutoka katika nyumba ile.

Tuzingatie kwamba suali lake la mwisho lilihusu mirathi, nayo ni elimu ya kugawa haki kwa mafungu yanayojulikana. Mtu aliyeitumia mizani katika umri wake wote aliondoka duniani akiuliza fungu la bibi kizee.

Ndugu zetu, wengi wetu hatutapima yakuti wala milima. Lakini kila mmoja wetu ana kibaba chake: muuza mchele sokoni, mwenye duka la mafuta, muuguzi anayepima dawa ya mtoto, na fundi anayechanganya saruji. Methali yetu husema kibaba hujazwa na haba na haba, na haba hizo hizo ndizo pia zinazokipunguza. Kwa hiyo tunapoulizwa pishi ni kilo ngapi, tusikimbilie namba tuliyoisikia. Kwanza tuulize ni pishi ya nini. Tukijaze kibaba kwa chakula kile kile tunachotaka kukitoa, tukiweke katika mizani, kisha tuzidishe kwa nne. Ikiwa bado pana shaka, kuzidisha kidogo kwa ajili ya masikini ni salama kuliko kupunguza. Hivyo ndivyo alivyofanya Abu Rayhan kando ya mto Jayhun: hakupokea namba ya mtu, bali alichota maji, akapima, na akasema alipima wapi na kwa nini.